Kemo ya kwanza ikigoma: barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Bohari ya Dawa na NHIF

Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Mkurugenzi Mkuu wa Bohari ya Dawa, MSD,
Mkurugenzi Mkuu wa Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, NHIF,

YAH: DAWA ZA MSTARI WA PILI KWA WAGONJWA WA SARATANI YA UTUMBO MPANA ILIYOSAMBAA

Salaam, na poleni kwa majukumu.

Mimi ni muuguzi hapa Tanzania. Kazi yangu ni kuwawekea wagonjwa dripu za kemo, yaani dawa kali za kuua saratani, na kukaa nao mpaka ziishe, na wengi wa wagonjwa wangu wana saratani ya utumbo mpana na puru. Nawaandikia ninyi watatu kwa pamoja kwa sababu jambo hili halimalizwi na ofisi moja. Anayeandika mwongozo wa tiba, anayeagiza dawa na anayelipa wasipokaa meza moja, anayeumia ni yule aliyelala kitandani.

Mgonjwa ambaye saratani yake imeshafika kwenye ini au mapafu huanzishiwa dawa za mstari wa kwanza, yaani zile za kuanzia. Mara nyingi ni oksaliplatini pamoja na fluorourasili ya dripu, mchanganyiko ambao madaktari wanauita FOLFOX, au oksaliplatini pamoja na vidonge vya kapesitabini. Zinafanya kazi. Nimeona watu walioletwa kwa kubebwa wakarudi wenyewe kwa miguu kuchukua dozi ya nne, na mwenye duka akafungua tena duka lake. Lakini ugonjwa uliosambaa huzizoea dawa. Baada ya miezi kadhaa, kipimo cha CT kinaonyesha uvimbe kwenye ini umeanza tena kukua. Wengine dawa bado inawasaidia ila mwili umeikataa: ganzi ya vidoleni imefika mahali baba mtu mzima anafungiwa vifungo vya shati na mjukuu, na mama anashika sufuria ya moto asijue mpaka aone lengelenge.

Hapo ndipo mstari wa pili, yaani dawa nyingine za kubadilishia, unapotakiwa kuanza, na hapo ndipo wagonjwa wangu wengi wanapoishia.

Mzee mmoja alielezwa kwamba dawa zake zimefika mwisho na kwamba arudi nyumbani, atapigiwa simu. Akaniita pembeni. "Sista," akaniuliza, "dawa zimeisha duniani au zimeisha hapa?" Nilimjibu ukweli: zimeisha hapa. Barua hii naiandika kwa ajili ya swali lake, kwa sababu wa kulijibu vizuri ni ninyi.

Duniani hazijaisha. Mwaka 1998 jarida la Lancet lilichapisha utafiti wa wagonjwa 279 ambao fluorourasili ilikuwa imeshashindwa kuwasaidia. Wote walipewa huduma ya kupunguza makali ya ugonjwa, na sehemu kubwa yao wakaongezewa dawa iitwayo irinotekani. Baada ya mwaka mmoja, waliopata irinotekani walikuwa hai takribani 36 katika kila 100. Wasioipata walikuwa 14. Na waliopewa dawa hawakuishi muda huo kwa mateso zaidi, maana kwa ujumla hali yao ya maisha ilikuwa nzuri kuliko ya wenzao, ukiacha kuharisha. Mwaka 2004 Wafaransa wakatoa utafiti mwingine wa wagonjwa 220. Nusu walianza na FOLFOX kisha wakahamia FOLFIRI, ambayo ni irinotekani pamoja na fluorourasili, na nusu wakaanza na FOLFIRI kisha wakahamia FOLFOX. Makundi yote mawili yaliishi kwa wastani karibu miezi 21. Kwa lugha ya wodini, hakuna haja ya kubishana ipi itangulie. Cha maana ni mgonjwa azipate zote mbili.

Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani liliingiza irinotekani, oksaliplatini na kapesitabini katika orodha yake ya dawa muhimu kwa ajili ya saratani hii hii. Irinotekani si dawa ya juzi. Hataza yake, yaani haki ya mwenye dawa kuitengeneza peke yake, ilishakwisha, inatengenezwa na viwanda vingi, India ikiwemo, na haihitaji jokofu. Ukiniuliza ni dawa gani moja ningeiomba iwepo mwaka mzima bila kukosekana, ni hiyo.

Nchi hii inajua kumbadilishia mgonjwa dawa. Mtu anayeishi na virusi vya UKIMWI, wingi wa virusi ukionekana umepanda, anapewa ushauri, anapimwa tena, na dawa za mstari wa kwanza zikithibitika zimeshindwa anahamishiwa za mstari wa pili bila kuuza ng'ombe. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anapewa dawa zake, na hospitali ya Kibong'oto kule Siha imekuwa ikitibu wagonjwa hao tangu mwaka 2009. Najua fedha nyingi za kazi hiyo zimetoka kwa wafadhili, na sisemi kwamba saratani itapata wafadhili wa namna hiyo. Ninachosema ni kwamba utaratibu tunao: kuhesabu wagonjwa, kukisia wangapi watahitaji kubadilishiwa dawa, na kuagiza kabla hawajahitaji. Wauguzi wa kliniki za UKIMWI wanaujua. Wafamasia wa wilaya wanaujua. Naomba uletwe kwenye saratani.

Mkurugenzi Mkuu wa MSD, hapa naomba nikuoneshe jambo kwa karibu. Dozi ya kawaida ya irinotekani ndani ya FOLFIRI ni miligramu 180 kwa kila mita ya mraba ya eneo la mwili, kila baada ya wiki mbili. Kwa mtu wa umbo la wastani inakuja kama miligramu 306, yaani chupa tatu za miligramu 100 na tone la juu. Dawa ikikosekana kwenye dirisha la hospitali, karatasi inaandikwa "haipo", na familia inaingia mtaani kutafuta. Siku ya dozi wanarudi na chupa mbili. Ndizo walizozimudu, au ndizo zilizokuwepo dukani. Daktari anashika karatasi na kalamu akipiga hesabu ambayo haikupaswa kuwepo: apewe pungufu leo, au asubiri chupa ya tatu wiki ijayo wakati uvimbe unakua? Mgonjwa anatutazama usoni sote, anajua tunachoongea.

Kukisia mahitaji ya dawa hii si kazi ngumu. Watakaohitaji irinotekani mwaka kesho, wengi wao ndio hawa wanaopokea oksaliplatini leo. Kila hospitali inayotoa kemo ina daftari lao. Si wote watakaofika huko: wengine watatangulia mbele ya haki, wengine watadhoofika kiasi cha kutostahimili, na wachache dawa za kwanza zitawashika muda mrefu. Lakini hesabu inaanzia hapo. Na kwa kuwa MSD ndiyo iliyopewa jukumu la kuratibu ununuzi wa dawa wa pamoja kwa nchi za SADC, naomba dawa hizi ziingizwe humo. Nchi moja ikiagiza peke yake chupa chache, bei inapangwa na muuzaji.

Mheshimiwa Waziri, suala la pili ni kitanda.

FOLFIRI inahitaji fluorourasili itiririke mwilini kwa saa 46 mfululizo. Nchi nyingine mgonjwa anafungiwa kichupa cha pampu kiunoni, anakwenda nacho nyumbani, anarudi siku ya tatu kukitoa. Pasipo na pampu, analazwa. Siku mbili na usiku wake, kila wiki mbili, kwa miezi. Aliyetoka Mpanda au Namtumbo kuifuata hospitali yenye kemo hawezi kwenda na kurudi, kwa hiyo anapanga chumba mjini au anajibanza kwa ndugu ambaye naye ana watoto sita ndani. Na kitanda kikijaa, dozi inasogezwa. Nimeona dozi ya wiki mbili ikawa ya wiki nne kwa sababu ya kitanda tu.

Njia ya kupunguza hili ipo. Mwaka 2018 jarida la Lancet Oncology lilichapisha utafiti uliofanyika Japani, China na Korea Kusini kwa wagonjwa 650, wote wa mstari wa pili. Nusu walipewa FOLFIRI. Nusu walipewa irinotekani ya dripu mara moja kila wiki tatu, pamoja na vidonge vya kapesitabini vya kumeza nyumbani siku 14, kisha wiki moja ya kupumzika. Baadhi katika makundi yote mawili waliongezewa dawa nyingine ya saratani iitwayo bevasizumabu. Wa vidonge waliishi kwa wastani miezi 16.8, na wa FOLFIRI miezi 15.4. Kushuka vibaya kwa chembe nyeupe za damu kulikuwa kwa wagonjwa 17 katika 100 upande wa vidonge, dhidi ya 43 upande wa FOLFIRI. Kuharisha vibaya ndiko kulikozidi upande wa vidonge, 7 dhidi ya 3.

Kwetu maana yake ni kubwa. Dripu ya irinotekani inachukua kama saa moja na nusu. Mgonjwa anakuja asubuhi, anapimwa damu, anawekewa dawa, jioni anaondoka na vidonge vyake, na harudi mpaka baada ya wiki tatu. Hakuna pampu wala usiku mbili za kulazwa, na katika wiki sita anakuja mara mbili badala ya mara tatu. Dozi za utafiti ule zilipunguzwa makusudi, kwa sababu zamani mchanganyiko huu ulitolewa kwa dozi kubwa na watu wakaharisha kupita kiasi, kwa hiyo zisiongezwe kienyeji. Wenye matatizo ya figo waangaliwe kwanza. Na kwa kuwa utafiti ulifanyika Asia, tukianza tuandike ya kwetu: nani aliharisha, nani alilazwa, nani aliendelea mpaka dozi ya sita. Naomba Wizara iwaite mabingwa wetu wa saratani, ambao tunao na ni wazuri, waamue kama mchanganyiko huu uingie rasmi katika mwongozo wa taifa kwa wagonjwa wanaotoka mbali.

Lakini irinotekani haiendi peke yake, na hili naliweka wazi kwa sababu ni sisi wauguzi tunaokuwepo. Dripu ikiwa bado inakwenda, mgonjwa anaweza kuanza kutoka jasho jingi, machozi, mate, na tumbo likamkata. Sindano ya atropini inatuliza hali hiyo upesi, ikiwepo kwenye trei. Kuharisha kwa pili ndiko hatari, kunakuja siku kadhaa baadaye, akiwa ameshafika kijijini. Mgonjwa anatakiwa aondoke hospitali na loperamidi mkononi na ajue kuitumia: vidonge viwili akianza kuharisha, kisha kimoja kila baada ya saa mbili mpaka saa 12 zipite bila kuharisha. Akipata homa asingoje asubuhi. Watu wa mwambao na wa bara wote tuna mazoea ya kumwambia anayeharisha ameze kidogo aone, na dawa hii haitaki hivyo. Kwa aliyewekewa mfuko wa kinyesi tumboni, kuharisha ni balaa la peke yake, maana mifuko inaisha, ngozi inachubuka, na mifuko yenyewe ni ya kununua. Kwa hiyo ninapoomba irinotekani naomba na ndugu zake: atropini, loperamidi, chumvichumvi za kuongeza maji, kipimo cha damu kabla ya kila dozi, mifuko ya kinyesi, na namba ya simu ya wodi inayopokelewa usiku.

La tatu ni vipimo. Mgonjwa anapokatwa kipande kidogo cha uvimbe kwa ajili ya kipimo siku ya kwanza, kipande kile kinahifadhiwa maabara kwenye kibonge cha nta. Kutoka kibonge hicho hicho maabara ya patholojia inaweza kuangalia protini nne zinazorekebisha makosa ya vinasaba. Zikikosekana, saratani hiyo ni ya aina ya pekee, na tiba ya kuamsha kinga ya mwili inaishika kuliko kemo. Katika utafiti wa mwaka 2020 wa wagonjwa 307 wenye saratani ya aina hiyo iliyosambaa, waliopewa pembrolizumabu, mojawapo ya dawa hizo za kuamsha kinga, walikaa kwa wastani miezi 16.5 kabla ugonjwa haujasonga, dhidi ya miezi 8.2 kwa waliopewa kemo. Ni wachache, kama 4 au 5 katika kila 100 ambao saratani ya utumbo imesambaa. Dawa yenyewe ni ghali mno, hilo sifichi. Lakini mwaka 2025 Shirika la Afya Duniani limeiingiza katika orodha ya dawa muhimu kwa ajili ya wagonjwa hao, na kwa kuwa ni wachache, inawezekana kuwapangia. Haiwezekani kama hatuwajui. Leo tunaanza kuuliza habari ya kipimo wakati kemo ya kwanza imeshindwa, mgonjwa amepungua kilo 15, na kibonge kipo hospitali nyingine mkoa mwingine. Kipimo kiagizwe siku ile ile jibu la saratani linapotoka.

Vivyo hivyo jeni za RAS. Takribani wagonjwa 4 katika 10 wana hitilafu ya KRAS, mojawapo ya jeni hizo, na kwao dawa kama setuksimabu na panitumumabu hazisaidii kabisa. Kununua dawa hizo bila kipimo ni kuuza kiwanja kwa kubahatisha. Hapa kipimo kinaokoa fedha ya familia, na ya Mfuko pia.

Naomba pia niseme lisilopendwa kusikika. Zipo dawa za mstari wa pili ambazo wenye uwezo wanazifuata India na Nairobi, na familia zikisoma habari zake mtandaoni zinatuuliza kwa nini hapa hazitolewi. Bevasizumabu ni mojawapo. Katika utafiti wa wagonjwa 820 uliochapishwa mwaka 2013, kuendelea nayo pamoja na kemo ya mstari wa pili kulipandisha wastani wa kuishi kutoka miezi 9.8 hadi 11.2. Karibu mwezi mmoja na nusu ni kitu kwa mtu anayesubiri binti yake amalize chuo. Hata hivyo, mkiniuliza fedha iliyopo ianzie wapi, nitasema ianzie kwa irinotekani iliyokamilika kwa kila anayeifaa, Mtwara hadi Kagera, kabla ya bevasizumabu kwa wachache walio karibu na Dar es Salaam. Ndugu wengine hawatanipenda kwa hilo. Lakini nimekaa na wale wa chupa mbili, na sioni jinsi ya kupanga vingine.

Mkurugenzi Mkuu wa NHIF, kwako nina ombi moja. Mgonjwa anapobadilishiwa dawa, kibali kinaombwa upya, barua zinaandikwa, majibu yanasubiriwa. Saratani iliyokwisha kuishinda dawa ya kwanza haisubiri. Naomba kibali kinachotolewa mwanzo wa tiba kiwe cha mistari yote miwili, ili daktari akishaandika kwamba ugonjwa umesonga na kuambatisha jibu la CT, mstari wa pili uanze wiki hiyo hiyo na karatasi zifuate. Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote Novemba 2023. Katika kanuni na vitita vya sheria hiyo, saratani isiandikwe kwa jumla jumla. Iandikwe mstari wa kwanza ni dawa gani, wa pili ni dawa gani, pamoja na vipimo na dawa za kukabili madhara. Na wale wasio na bima, wanaotibiwa kwa msamaha kupitia ofisi ya ustawi wa jamii, msamaha wao ufike kwenye mstari wa pili. Msamaha wa dawa ambayo haipo dirishani haumsaidii mtu.

Si kila mgonjwa anafaa kupewa mstari wa pili. Aliyedhoofika kiasi cha kushinda kitandani, dawa hizi zinaweza kumharakisha. Huyo anahitaji mofini ya maji ya kutosha, mtu wa kumfuata nyumbani, na daktari wa kumwambia ukweli yeye mwenyewe badala ya kumwita shemeji yake koridoni. Na anayefaa pia anahitaji mofini, tangu siku ya kwanza, bila kusubiri kemo ishindwe. Wizara ikiandika mwongozo, naomba mambo haya mawili yakae ukurasa mmoja, ili asitokee mtu wa kusema tumetoa huduma shufaa, yaani ya kupunguza maumivu, kwa hiyo dawa si lazima.

Bajeti ya Wizara husomwa Dodoma kabla ya mwaka mpya wa fedha kuanza Julai 1. Naomba ijayo iwe na fungu la irinotekani na dawa zinazoambatana nayo, lililokisiwa kwa idadi halisi ya wagonjwa wanaopokea oksaliplatini sasa hivi. Naomba kabla ya hapo MSD itangaze ni hospitali zipi zitaipokea na kila baada ya muda gani, ili sisi tulioko wodini tuache kuwaambia watu "mtapigiwa simu". Kikao cha kupanga hayo kikiitishwa, waiteni na wauguzi na wafamasia wa kemo. Nitakuja na hesabu kutoka kwenye daftari letu, bila majina ya wagonjwa: wangapi walianza, wangapi walihitaji kubadilishiwa, wangapi walibadilishiwa.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Muuguzi wa wagonjwa wa saratani